Wakuu, ni kweli marubani wa Uingereza waliliacha makusudi kanisa kuu la Köln? Au mwongoza watalii katupiga kamba?

#1 Bitozi wa Mtoni
Habari za jioni wakuu. Niko kwenye meli ya mtoni, tumetoka Basel tunashuka na Rhine hadi Amsterdam. Tiketi ni zawadi ya wakwe, mke wangu ni wa huku, kwa hiyo msianze kunipigia mahesabu ya mshahara.

Leo tumeshinda Köln, Ujerumani. Meli imefunga gati asubuhi ubavuni mwa meli nyingine, maana yake ili ushuke unapita kwanza sebuleni kwa wenzako wanakunywa chai. Tukagawiwa hedifoni, tukapangwa makundi, tukaanza kumfuata mama mmoja mwenye mwavuli mwekundu. Tumefika mbele ya kanisa kuu, lile lenye minara miwili ya mita 157, akatoa picha ya mwaka 1945. Mji mzima vifusi. Nyumba hazina paa, nyingine zimebaki ukuta mmoja wenye madirisha matupu. Daraja limelala mtoni. Na katikati ya uharibifu wote huo kanisa limesimama na minara yake yote miwili.

Maelezo yake: marubani waliliacha makusudi kwa sababu lilikuwa alama yao ya kujua wako wapi. Kundi zima likatikisa vichwa kukubali, likaenda kununua sumaku za friji.

Mimi haijaniingia akilini. Stesheni kuu ya treni iko ubavuni mwa kanisa, unashuka ngazi tu umefika. Daraja la reli linaanzia nyuma yake hapohapo. Kwa hiyo rubani anapiga stesheni, anapiga daraja, halafu cha katikati anakiruka? Usiku? Kwa mabomu ya 1942? Wanahistoria na mafundi njooni.

#2 Siti ya Mbele
Nimewahi kiti. Weka picha mkuu.

#3 Kijiwe Huru
Hiyo ni chai ya watalii. Kila mji uliopigwa bomu Ulaya una jengo lililobaki, na kila jengo lililobaki lina rubani mwenye huruma.

#4 Mama Kolonya
Bitozi, karibu mjini kwetu. Nimeishi huku miaka mingi, nimelipita kanisa hilo asubuhi na jioni nikienda kazini, kwa hiyo nisahihishe mambo mawili kabla uzi haujashika kasi.

Kwanza, HALIKUACHWA. Lilipigwa. Hesabu inayotajwa huku ni mabomu makubwa 14, ukiacha yale madogo ya moto. Sehemu ya dari ya matao ya mawe iliporomoka ndani. Novemba 1943 bomu lilimega kona ya chini ya mnara wa kaskazini, na mnara ukawa hatarini kabisa. Wakaziba haraka kwa maelfu ya matofali ya kawaida, haya ya kujengea nyumba. Kiraka hicho kiliachwa wazi miongo mingi kama kumbukumbu ya vita, wengi wetu tumekiona kwa macho, hadi 2005 walipomaliza kukifunika kwa mawe yanayofanana na mengine. Ukisimama upande wa stesheni ukamuuliza mwenyeji, atakuonyesha pa kuangalia.

Pili, daraja. Halikuangushwa na Mwingereza wala Mmarekani. Daraja la Hohenzollern lilipita vita karibu yote limesimama. Lililipuliwa na jeshi la Ujerumani lenyewe tarehe 6 Machi 1945, Wamarekani wakiwa wameshaingia mjini, ili wasivuke mto. Sasa jiulize: daraja la reli, shabaha ambayo jeshi lolote lingeitaka, limepigiwa mabomu miaka na miaka halikuanguka. Ndiyo ujue shabaha za enzi hizo zilikuwaje.

#5 Bitozi wa Mtoni
Mama Kolonya, hapo kwenye daraja umenimaliza. Ile picha nimeitazama kwa dakika nzima na hakuna aliyetuambia nani alililaza.

#6 Mtumishi wa Shambani
Bwana asifiwe. Mnazunguka sana. Ndani ya kanisa lile kuna sanduku la dhahabu lenye mifupa ya wale Mamajusi watatu waliomfuata Yesu kwa nyota. Ililetwa kutoka Milano mwaka 1164. Na hapohapo Köln kuna kanisa la Mtakatifu Kolumba lililosagwa lote, ikabaki sanamu ya Bikira Maria imesimama kwenye nguzo yake. Wakaijengea kikanisa kidogo palepale kwenye vifusi mwaka 1950. Nayo mtasema ni bahati?

#7 Kijiwe Huru
Mtumishi, kwa heshima zote. Köln ina makanisa 12 ya zamani kuliko hilo kuu, yale ya matao ya mviringo. Karibu yote yaliumizwa vibaya. Groß St. Martin, lile lenye mnara mnene unaoonekana kwenye kila picha inayopigwa kutoka melini, lilibaki gofu, waumini wakarudi humo 1985. Yale 12 nayo yalikuwa na mifupa ya watakatifu tele. Walinzi wao walikuwa likizo?

#8 Mtumishi wa Shambani
Sikushindani nawe. Nimesema ninachokiamini.

#9 Injinia Kokoto
Nimeona nimeitwa. Tuache marubani na watakatifu, tuangalie jengo lenyewe.

Bomu linaua jengo kwa njia kuu tatu: kulipiga moja kwa moja, mgandamizo wa hewa baada ya mlipuko, na moto. Kwenye mgandamizo, jengo la Kigothiki lina ahueni kubwa. Ukuta wake si ukuta, ni mifupa: nguzo, matao, na nguzo za nje zinazoegemea kwa mikono ya mawe. Katikati ni vioo vitupu. Upepo mkali unalichana turubai lakini unapita kwenye chandarua. Mlipuko ukija, vioo vinaruka, hewa inapita, mifupa inabaki. Nyumba ya ghorofa ya matofali iliyojifunga pande zote haina bahati hiyo, ukuta unasukumwa mzimamzima.

Na vioo vya zamani vyenyewe vilishang'olewa na kufichwa mapema, ndiyo maana leo bado unaviona.

#10 Siti ya Mbele
Madini haya. Naunga mkono Injinia.

#11 Fundi Chuma wa Gerezani
Injinia umesema njia tatu, ukaeleza moja ukakimbia. Hoja iko kwenye moto.

Miji ya Ujerumani haikuuawa na mlipuko, iliuawa na moto. Usiku wa 30 kuamkia 31 Mei 1942 Waingereza walipeleka Köln ndege zaidi ya 1,000 kwa mkupuo, na sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa mabomu ya moto. Kale kadude ni kadogo, kanatoboa vigae, kanakaa darini, kanawaka. Kanisa la kale kwa kawaida lina msitu wa mbao juu ya dari. Ukishika moto huo, mbao zinaanguka, zinavunja dari, kwisha habari.

Sasa kanisa kuu la Köln paa lake halina msitu. Mifupa ya paa ni CHUMA. Sababu ni kwamba halikumalizwa zama za kale. Walianza 1248, wakakwama katika karne ya 16, likakaa nusunusu na winchi ya mbao imesimama juu ya mnara wa kusini miaka kama 400, mpaka wakarudi kazini 1842 na kumaliza 1880. Kufikia wakati wa kuezeka, viwanda vya chuma vilikuwa vimeshamiri, wakaezeka kwa teknolojia ya siku zao. Huo ni mtambo wa chuma wa kabla ya mnara wa Eiffel. Uzembe wa babu zao wa kuchelewa ujenzi ndio uliowaokoa.

Linganisha na Vienna kwenye mto Danube, nako meli hizi zinakwenda. Kanisa la Mtakatifu Stefano lilisimama vita yote, likaungua Aprili 1945 kwa moto uliorukia kutoka nyumba za jirani. Paa la mbao, likaisha lote. Na Notre-Dame ya Paris 2019 mliiona wenyewe kwenye televisheni, hata vita haikuwapo.

#12 Kijiwe Huru
Fundi leo kaja na nondo. Kihalisia.

#13 Bundi wa Mvita
Wacheni niwatetee marubani kidogo, maana mwawacheka bure. Hao wa mwanzo hawakuwa na macho ya paka. Mwaka 1942 walikuwa na mitambo ya redio, ule uitwao Gee, uliowafikisha Köln kwa sababu mji uko magharibi na mawimbi yalifika. Tena walichagua usiku wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu, kitu kinachong'aa kutoka juu si kanisa, ni mto. Rhine una kona zake pale, rubani aitazama ramani, aitazama kona, ajua yuko wapi. Kwa hiyo alama ilikuwapo, ila alama yenyewe ndiyo hiyo unayoelea juu yake Bitozi.

Kwamba kuna aliyeamriwa "usiguse minara", hilo mimi silioni. Ukiwa juu huko huwezi kuchagua nyumba, wachagua mtaa, na mara nyingine hata mtaa wakukimbia.

#14 Mama Kolonya
Bundi umesema vizuri. Ila wazee wa hapa ukiwaambia hivyo hawakubali. Bibi jirani yangu alizaliwa kabla ya vita, na kwake hiyo habari ya alama haina mjadala, aliambiwa na mama yake ndani ya handaki. Nadhani watu waliihitaji. Mji uliingia vitani na watu zaidi ya 700,000, ukatoka na makumi machache ya maelfu. Unatoka handakini asubuhi huna nyumba, unanyanyua macho unaona minara ipo.

Na kwa wapenda vya kale: hilo handaki la karibu na kanisa, walipolichimba 1941, walikutana na sakafu ya Kirumi ya vijiwe vya rangi, ina picha ya mungu wao wa mvinyo. Imekamilika karibu yote. Wanachimba kujificha na mabomu, wanaibukia sebuleni kwa tajiri wa Kirumi. Baadaye wakajenga makumbusho juu yake bila kuihamisha sakafu.

#15 Ticha wa Hesabu
Nimesoma wote. Mnatafuta sababu ya kitu ambacho huenda hakina sababu. Chukueni miji yote iliyopigwa. Kila mji una majengo makubwa kadhaa. Kwa hesabu ya kawaida tu, baadhi lazima yabaki. Yaliyobaki tunayapiga picha, tunayaandikia hadithi. Yaliyoanguka hakuna mtalii anayeonyeshwa, atasimama wapi? Ulm, mji mwingine wa mtoni huko kwenye Danube, ulichomwa Desemba 1944, kanisa lake lenye mnara mrefu likabaki. Nako mtasema marubani walilihurumia?

#16 Fundi Chuma wa Gerezani
Ticha, hesabu haiezeki paa.

#17 Ticha wa Hesabu
Na paa halisomi hesabu. Twende Dresden, mtoni Elbe. Kanisa la Frauenkirche lilikuwa na kuba la mawe tupu, si mbao. Mabomu ya tarehe 13 na 14 Februari 1945 hayakuliangusha. Watu wakadhani limepona. Tarehe 15 asubuhi likaporomoka lenyewe kwa joto, nguzo zilishaiva. Nadharia yako ya "lisilo na mbao juu linapona" inaelezaje hapo?

#18 Fundi Chuma wa Gerezani
Joto lilitoka ndani, kwenye viti na roshani za mbao, likapika nguzo. Mimi nimesema mbao ndiyo adui. Umenisaidia.

#19 Injinia Kokoto
Wote mnasahau watu. Paa la chuma halizimi bomu lililotua juu yake. Kulikuwa na walinzi wa moto wanalala kanisani, wanapanda juu mabomu yakianguka, wanayaokota yale madogo na kuyatupa au kuyafukia mchanga. London kwa Mtakatifu Paulo walifanya hivyohivyo. Ngazi za mnara wa kusini ni 533. Bitozi umezipanda?

#20 Bitozi wa Mtoni
Nimezipanda Injinia, na nikakujua wewe ni adui yangu. Ngazi ni za kuzunguka, nyembamba, wanaopanda na wanaoshuka wanapishana humohumo, unakumbatiana na Wajapani usiowajua. Njiani unapita chumba cha kengele. Ile kubwa ya tani 24 wenyeji wanaiita Pitter mnene. Juu kabisa nyavu za chuma, upepo, na mto chini una meli zimepangana, yetu sikuitambua, zote ni ndefu nyeupe zinafanana.

Swali jingine. Mbona kanisa ni jeusi hivi? Mama mwavuli alisema ni masizi ya vita.

#21 Kijiwe Huru
Huyo mama mwavuli angekuwa mwanachama hapa tungempa cheo.

#22 Shangazi Bunju
Kwa mantiki ya kawaida ni treni. Stesheni iko mlangoni, makaa ya mawe miaka mia. Moshi ule uende wapi?

#23 Mama Kolonya
Treni zina mkono, viwanda vya bonde lote hili vina mkono, magari pia. Lakini si masizi ya kufuta kwa kitambaa. Hewa chafu yenye salfa inakutana na mvua, inakula jiwe, ngozi ya jiwe inageuka nyeusi na ngumu. Halafu mawe yenyewe si ya aina moja. Sehemu ya kale imejengwa kwa trakiti, jiwe la volkano, ya Drachenfels, kilima kilichopo mtoni kabla ya kufika Bonn. Mawe yalishushwa kwa mashua. Bitozi umekipita usiku huenda umelala. Walipoendelea katika karne ya 19 wakaleta mawe ya mchanga kutoka kwingine, na hayo yanakula uchafu kwa namna yake. Ndiyo maana ukisogea karibu unaona jiwe moja jeusi tii, la pili kijivu, la tatu jipya jeupe kabisa. Jipya ni kazi ya karakana ya kanisa. Ina waashi wake wa kudumu, hawajawahi kusema wamemaliza.

#24 Mzibo wa Chupa
Kwa hiyo jeusi kwa sababu ya hewa, limebaki kwa sababu ya chuma, au mchanga, au chandarua, au Mamajusi. Tunaelewana kweli?

#25 Mgosi wa Lushoto
Wagosi mpo? Mimi nilitembelea huko kikazi, si kwa meli, meli ni za wastaafu. Pale mwanzo wa daraja la Hohenzollern kuna wafalme wamepanda farasi wa shaba. Upande wa kanisa mmoja wao ni Kaiser Wilhelm wa Pili. Huyo ndiye aliyekuwa kwenye kiti wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Daraja lilianza kujengwa 1907. Watalii wanapita chini yake wanakwenda kufunga kufuli za mapenzi kwenye wavu wa reli, funguo wanatupa mtoni. Nilisimama pale nikamtazama vizuri.

Halafu mtaa wa Nippes, vituo vichache kwa treni, kuna barabara imeandikwa Usambarastraße. Nilipiga picha nikamtumia mzee Lushoto. Akauliza kama wanalima iliki.

#26 Mwana Lubumbashi
Bandugu jambo. Mi niko Bruxelles, Köln njo karibu, masaa mbili tu na treni. Treni inaingia stesheni, ukitoka inje kanisa iko mbele yako kabisa. Mgosi, asante juu ya ile sanamu. Hapa kwetu tuko nazo za Leopold, ule mfalme wa Ubelgiji alitawala Congo, tunajua ile macho.

#27 Nahodha Mstaafu
Salaam kutoka Kigoma. Mmenitoa usingizini kwa meli. Bitozi, kama meli yenu imetengenezwa Rostock kwa Neptun Werft, na nyingi za mtoni zinatoka huko, basi ni jamaa ya MV Liemba. Kampuni mama ni Meyer ya Papenburg, ndio walioijenga Liemba 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikaja Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 ili adui asiichukue, kama daraja lao. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Swali langu la kitaalamu: mto huo una kina gani pale Köln? Meli ya mita 110 au 135 inageukaje?

#28 Mama Kolonya
Shikamoo nahodha. Pale ukingoni mji wa kale kuna kipimo cha mto kama saa ya ukutani iliyo mnarani. Mshale mfupi unaonyesha mita, mrefu unaonyesha sehemu za kumi za mita. Watu wanakipita na mikate yao hawakitazami, mpaka mvua zije. Mwaka 1995 kilifika mita 10.69, maji yakaingia mji wa kale. Oktoba 2018 kikashuka hadi mita 0.69. Ila usidhani ndicho kina, sifuri ya kipimo iko juu ya sakafu ya mto, njia ya meli ina zaidi ya mita moja chini yake.

Kikivuka 6.20 meli zinaamriwa kwenda taratibu. Kikifika 8.30 zinasimama kabisa.

#29 Nahodha Mstaafu
Marahaba binti. Mita 10 za tofauti mahali pamoja! Sisi ziwa likipanda mita mbili tunahamisha masoko.

#30 Pesa Madafu
Hayo ya kukauka nayajua. Mimi na mzee wangu tulilipia safari ya hivi, kampuni sitaitaja. Maji yakapungua, tukashushwa melini tukapakiwa basi. Majumba ya kifalme kati ya Rüdesheim na Koblenz, ile sehemu nzuri kuliko zote, tumeyaonea dirisha la basi upande usio wa mto. Kurudishiwa pesa tukaambiwa tusome masharti, ukurasa wa nyuma, maandishi ya sisimizi. Ukikata tiketi ya mwishoni mwa kiangazi uliza kwanza maji yakipungua wanafanyaje.

#31 Dada Thika
Jameni naomba kuuliza. Niko na pasipoti ya Kenya. Meli inaanza Uswisi, inagusa Ufaransa na Ujerumani, inamalizia Uholanzi. Viza naomba kwa nani?

#32 Mama Kolonya
Zote nne ni Schengen, viza ni moja. Unaomba kwa nchi utakayokaa usiku mwingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Kwa meli hizi mara nyingi ni Ujerumani, lakini hesabu kwa ratiba yako, na uiambatishe.

#33 Dada Thika
Asante sana dada.

#34 Mzee wa Mkulima
Nyie vijana Köln mnaijua kwa meli. Sisi tuliijua kwa redio. Sauti ya Ujerumani, Idhaa ya Kiswahili, tangu 1963. Nilikuwa naandika barua Köln, bahasha ya ndege ile yenye mistari pembeni, najibiwa kwa kalenda. Siku hizi wako Bonn, walihama 2003. Kalenda ile yenye picha ya kanisa hilohilo ilikaa ukutani kwetu miaka hata tarehe zilipopitwa.

#35 Kijana wa Kyela
Bitozi, umepita makumbusho ya chokoleti pale ukingoni? Nasikia kuna chemchemi ya chokoleti, wanakuchovyea kibiskuti wanakupa. Kakao tunalima sisi, kuchovya wanachovya wao.

#36 Bitozi wa Mtoni
Nimepita mkuu, kibiskuti ni kimoja, ukirudi mara ya pili yule dada anakukumbuka.

Kingine, baa zao za bia. Glasi nyembamba ya mililita 200, ukimaliza mhudumu analeta nyingine bila kuulizwa, anachora kamstari kwa penseli kwenye kile kikaratasi cha kuwekea glasi. Kusimamisha lazima ufunike glasi kwa kikaratasi hicho. Mimi niliagiza maji ya tufaha. Alinitazama kama nimemtukania mji.

#37 Ticha wa Hesabu
Turudi kwenye mada. Fundi hajaleta mfano wa kanisa jingine la paa la chuma lililopigwa mabomu likapona. Mfano mmoja si ushahidi.

#38 Fundi Chuma wa Gerezani
Chartres, Ufaransa. Paa la mbao liliungua 1836 wakaezeka kwa chuma. Lipo mpaka leo.

#39 Ticha wa Hesabu
Lilipigwa kama Köln?

#40 Fundi Chuma wa Gerezani
Wewe umeuliza paa la chuma, nimekupa paa la chuma.

#41 Mtumishi wa Shambani
Chartres nako wana vazi la Bikira Maria. Nasema tu.

#42 Kijiwe Huru
😂😂😂 Mtumishi karudi kimyakimya.

#43 Mama Kolonya
Fundi na Injinia, badala ya kugombana: karakana ya kanisa ina ziara za paani. Unapandishwa na lifti ya mafundi kwa nje, unatembea ndani ya hilo paa la chuma, unaviona vyuma vyenyewe na viungo vyake. Si kwa anayeogopa kimo. Nafasi zinajaa mapema. Bitozi meli yake inaondoka saa hizi, kwa hiyo ameshaikosa.

#44 Fundi Chuma wa Gerezani
Wanaruhusu kuingia na futi kamba?

#45 Injinia Kokoto
Futi kamba sawa. Nyundo iache Gerezani.